Cheche baridi chini ya makuti

SWALI: Shikamoo fundi. Naongoza kikundi cha maigizo hapa Bagamoyo. Tuna mchezo wa mhunzi na mwanawe. Tutaucheza jukwaani usiku nne, kisha tuurekodi uwe filamu fupi, baadhi ya matukio ndani ya jahazi. Tunataka cheche sehemu tatu: kwenye kiwanda cha mhunzi, panga zinapogongana, na mwisho kabisa kwenye arusi. Kijana mmoja wa Dar es Salaam anatukodisha mashine mbili za cheche baridi. Anasema ule si moto, hata mtoto anaweza kuweka mkono. Mwenzetu anasema tusipoteze hela, grenda ya kusagia chuma inatosha. Tunachezea kwenye banda lililo wazi pembeni, paa la makuti. Tufanye lipi tusije tukajiunguza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeandika vizuri, ila neno zito umelificha mwishoni, kama mgonjwa anayemweleza daktari kikohozi chote, kisha akiwa ameshika kitasa cha mlango ndipo anaongeza, "na damu kidogo". Paa la makuti. Tuanzie hapo basi. Chini ya makuti haiwashwi mashine ya cheche ya aina yoyote, iwe hiyo inayoitwa baridi, iwe grenda, iwe hata zile fataki ndogo za kuchomeka kwenye keki. Huyo kijana akikwambia amefanya mara mia bila tatizo, mpe hongera yake, wewe tafuta uwanja ulio wazi juu.

Mchezo wenu haujafa, usinune. Cheche za filamu mtazipata za kweli na nzuri kuliko hizo za kukodi. Za jukwaani mtazipata za uongo, na mtazamaji wa mstari wa tatu hatajua. Ila kwanza nikueleze cheche ni kitu gani, maana maneno ya huyo kijana yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaounguza watu.

Cheche ni chembe ndogo ya metali inayoungua hewani ikiwa inaruka. Chukua chembe ya chuma yenye kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Uzito wake ni kama mikrogramu 4, na ikiwaka inapita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ukisikia nyuzi elfu unaogopa, lakini chembe hiyo hata ikiungua yote ikaisha, joto lake zima halitoshi kupandisha tone moja la maji kwa nyuzi moja. Ndiyo maana fundi wa chuma anapigwa na cheche za grenda mikononi kutwa nzima na jioni anakula ugali kwa mikono hiyo hiyo. Na ndiyo maana mtu akipitisha kiganja haraka juu ya cheche za ile mashine haungui. Hapo kijana hakudanganya.

Sasa weka chembe ile ile juu ya kitu chepesi kisicho na uwezo wa kusambaza joto: unyuzi wa sufi, vumbi la mbao, ncha ya kuti kavu. Hapo haina tone la maji la kupasha. Ina unyuzi mmoja tu, na unyuzi mmoja inauweza. Unyuzi unawasha jirani yake. Kwa hiyo mtu akinisifia kwamba cheche zake ni baridi, mimi simuulizi zina nyuzi ngapi. Namuuliza zinaanguka wapi, na nani anapatazama hapo zinapoanguka.

Hili nililijua kwa aibu. Miaka hiyo nilikuwa bado kijana wa gereji Tanga, nikaitwa kutoa cheche kwenye mchezo, ukumbi sitautaja. Nikasaga chuma nyuma ya pazia la pembeni, dakika mbili hivi, watu wakapiga makofi, nikazima, nikajiona mkubwa. Nyuma ya lile pazia palikuwa na godoro la sufi aliloangukia mwigizaji anayepigwa. Tukamaliza mchezo, tukakaa nje kunywa chai. Karibu saa moja imepita, mama aliyekuwa anafagia akatoka akauliza nani anachoma nguo. Mwali hapakuwa nao. Godoro lilikuwa na tundu dogo juu, dogo kuliko shilingi, na ndani limekuwa pango jekundu. Tulilimwagia maji, moshi ukaisha. Dakika kumi baadaye likaanza tena. Ilibidi tulipasue na kulowesha sufi ngumi kwa ngumi mpaka saa sita usiku. Kufukuta ndiko huko. Moto wa mwali unauona na kuukimbia. Huu unasubiri nyie mlale.

Kuti linafukuta vilevile, tena mahali pabaya, kwenye mkunjo wa majani juu ya fito, ambapo huwezi kuona wala kufikia kwa ndoo. Miezi ya kaskazi, makuti yamekauka mpaka yanalia yakiguswa, na upepo unapita humo humo. Wewe unaishi Bagamoyo, habari ya ukumbi wa zamani wa chuo chenu cha sanaa, kabla hakijaitwa TaSUBa, ulivyoteketea mwaka 2002 utakuwa umeisikia kwa wakubwa wako zaidi yangu.

Turudi kwenye mashine yenyewe. Uifungue, kama nilivyozifungua mimi, utakuta vitu vinne: kikombe cha kuwekea unga, parafujo inayosukuma unga kidogo kidogo, chumba chenye hita ya umeme, na feni. Unga wenyewe ni chembechembe za metali iitwayo titani, au titani na metali nyingine, zirkoni, zilizochanganywa. Hita inapashwa kwanza dakika kadhaa, ndiyo sababu mtu wa mashine anawahi kuja kabla ya bibi harusi. Chembe zinaingia, zinashika moto, feni inazirusha juu mita 2, 3, hata 5, zinaungua zikiwa angani na kurudi chini kama majivu ya kijivu. Hakuna baruti ndani, hilo ni kweli, na ndilo linalowafanya wauzaji waandike "si fataki". Lakini metali inayoungua ni moto, jina ulipe lolote. Mimi naiita mashine ya cheche, basi. Hilo neno baridi lingekuwa la mtoto wangu ningelibadilisha.

Yapo mambo matatu ambayo kijana hatakwambia. La kwanza ni pale mdomoni. Cheche zikiwa mita moja juu zimeshapoa sana na kutawanyika. Sentimita tano juu ya mdomo bado ni mkondo mzito na chuma chenyewe cha mdomo kimepata moto wa kuunguza ngozi. Mtoto akiambiwa aweke mkono, ataweka wapi? Mtoto haweki juu, anaweka pale panapotoka. La pili ni nguo ndefu. Shela la bibi harusi, buibui, kanzu ya kitambaa chepesi, pindo likipita juu ya mdomo linaziba njia, na cheche zote zinakaa sehemu moja badala ya kuruka. Chembe moja haina nguvu, ndiyo. Elfu moja sehemu moja ni jiko.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni unga wenyewe ukiwaka pasipotakiwa. Unga ukipata unyevu unashikana na kuziba njia. Hewa yenu ya bahari inaweza kuuharibu mfuko uliofunguliwa kabla hata tamasha halijaisha. Mashine ikiziba, mtu anaigonga, anaipindua, unga unamwagika karibu na hita. Titani na zirkoni zikishaanza kuungua kwa rundo haziwi tena mapambo. Ukizimwagia maji, joto lake linayapasua maji na kutoa haidrojeni, na haidrojeni inalipuka. Mtungi wa kaboni dayoksaidi nao hausaidii, kwa sababu metali hizi zinaungua hata ndani ya gesi hiyo. Kinachozima ni mtungi maalumu wa moto wa metali, ambao ukumbini kwenu sidhani kama upo, au mchanga mkavu unaomwagwa taratibu mpaka rundo lote lifunikwe, halafu linaachwa hapo hapo mpaka lipoe lenyewe. Usilifukue kuangalia.

Nimesema mchanga mkavu, na najua mtafanya nini: mtamtuma kijana na ndoo ufukweni. Mchanga wa ufukweni unauona mweupe juu, chini ya kiganja una maji, tena maji ya chumvi. Ukiumwaga juu ya titani inayowaka umemwaga maji. Uanikeni juani siku mbili juu ya turubai, muugeuze, muuchekeche, kisha mtie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Ndoo hiyo ipakeni rangi ya njano. Ndoo za maji, ambazo ni za nguo, makuti na mbao, zibaki nyekundu. Na mtu wa ndoo ya njano asiwe mtu wa ndoo nyekundu, maana kwenye kiwewe mtu anashika iliyo karibu.

Kama mtaikodi mashine kwa ajili ya arusi ya kwenye filamu, nje, mimi ningekubali kwa masharti. Unga uje kwenye pakiti iliyofungwa na kampuni, mnaifungua nyie wenyewe. Zipo mashine ambazo haziwaki mpaka ziguswe kwa kadi inayokuja na pakiti. Ukimwona fundi ana kadi moja imechakaa anayoitumia kila siku na unga umewekwa kwenye chupa ya maji, mrudishe kwao. Mtu asikaribie mita tano. Kanuni ya Marekani ya fataki mbele ya watazamaji, NFPA 1126, inataka mita 4.6 au mara mbili ya umbali ambao mabaki yanaanguka, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Mita tano ni hesabu rahisi kwa mtu anayepima kwa hatua, ila mabaki yakianguka mbali, fuateni hiyo ya mara mbili. Juu pawe wazi kabisa, mbingu. Mashine ikae juu ya kigae au bati, si juu ya jamvi, na mwenye rimoti awe anaiona kwa macho yake mwenyewe, si kupitia skrini ya kamera. Umeme wa jenereta ukiyumba hita haifiki joto lake na unga unatoka bila kuungua, unaenea chini, ukisubiri cheche inayofuata. Mkimaliza, fagieni kwa brashi laini mkaweke kwenye bati la mchanga. Msitumie mashine ya kuvuta vumbi. Chembe moja yenye uhai ikiingia kwenye mfuko wa vumbi mmejitengenezea jiko.

Utaniona namtisha mtu. Angalia basi. West Warwick, Rhode Island, Marekani, Februari 2003: fataki za cheche nyuma ya bendi zikashika sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti, watu 100 wakafa. Santa Maria, Brazil, Januari 2013, watu 242. Bendi ilikuwa imenunua fataki ya kutumia nje, ikaiwasha ndani, kwa sababu ya nje ilikuwa na bei ndogo. Kočani, Masedonia Kaskazini, Machi 2025, cheche za jukwaani zikagusa dari, wakafa watu wapatao 60. Kote huko dari na kuta ndizo zilizoua. Cheche iliwasha tu. Na dari zao hazikuwa hata makuti.

Haya, grenda. Mwenzenu hakukosea, ila amesema nusu. Kwa filamu, nje, usiku, grenda inatoa cheche nzuri kuliko mashine yoyote ya kukodi, kwa sababu ni cheche za chuma, na mchezo wenu ni wa mhunzi. Titani inawaka nyeupe kama radi, inapendeza arusini. Chuma kinatoa rangi ya dhahabu. Na vyuma havifanani: nondo ya kawaida inatoa mistari mirefu iliyonyooka. Tupa kuukuu au jani la springi ya lori lina kaboni zaidi, na kaboni ikiungua ndani ya chembe inageuka gesi, inaipasua chembe ikiwa angani, unaona kila mstari unaishia kwa ua dogo lenye matawi. Mafundi wa zamani walikuwa wanatambua aina ya chuma kwa kuangalia maua hayo tu. Kwenye kamera yanaonekana. Kwa hiyo tafuteni jani la springi. Msisage aluminiamu, haitoi cheche na inaziba diski. Tena unga wake ukichanganyika na kutu unaweza kuwaka kwa ukali usiouamini. Msisage bati wala bomba lenye zinki, moshi wake unampa mtu homa na kutetemeka usiku ule.

Diski ndiyo inayoua watu kwenye grenda, si cheche. Grenda ndogo ya milimita 115 inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 66 kila sekunde, kasi ambayo basi la Tanga halijawahi kuiota. Ikipasuka, vipande vinaondoka kwa kasi hiyo. Kabla hujaifunga, shika diski mkononi, angalia ile pete ya chuma kwenye tundu la katikati. Imechapwa mwezi na mwaka. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho wake, kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inayoshika mchanga wa diski inazeeka, na unyevu unaizeesha mapema. Mimi nimezisoma pete hizo madukani mara nyingi, na nimezirudisha mara nyingi. Muuzaji anakushangaa, wengi hawajui kama kuna maandishi pale. Diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Kinga ya chuma ya grenda isitolewe, hata mpigapicha akilalamika kwamba inamharibia picha.

Namna ya kupiga lile tukio la kiwanda: mwenye grenda alale nyuma ya fuawe, asionekane, amevaa miwani iliyofunika pembeni, glavu za ngozi na mikono mirefu ya pamba. Jani la springi lifungwe kwenye jiriwa, lisishikwe. Cheche zielekezwe juu kidogo na mbali na kamera, kwenye upande ambako upepo unakwenda. Jioni moja ya mazoezi mtaujua upepo wenu. Mhunzi anapiga nyundo, mwenye grenda anahesabu naye na kugusa chuma nusu sekunde kila pigo. Mwigizaji asimame ubavu, cheche zisimjie usoni. Mkimvalisha miwani ataonekana kituko kwenye mchezo wa zamani, kwa hiyo kinachomlinda ni pembe mliyoichagua, na pembe hiyo ipimwe mchana, ichorwe chini kwa chokaa. Chembe ya chuma ikiingia kwenye jicho inaacha duara la kutu juu ya mboni. Hiyo ni kazi ya daktari wa macho, si ya njiti ya kiberiti na rafiki mwenye mkono mwepesi.

Nguo ziwe pamba tupu. Vitenge vingi siku hizi ni poliesta vyenye sura ya pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uchome: pamba inanuka kama karatasi na kubaki jivu linalosagika kwa vidole, poliesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi, na shanga hiyo ndiyo inayoganda kwenye ngozi. Wigi la nailoni hapana. Manukato na vitakasa mikono vya spiriti, navyo visubiri.

Kamera pia inaungua. Umewahi kupitisha kucha kwenye kioo cha gari lililoegeshwa karibu na fundi wa kuchomelea? Utasikia vipele. Kila kipele ni cheche iliyojichomelea ndani ya kioo, haitoki tena. Wekeni kipande cha kioo cha dirisha mbele ya lenzi. Na mwendo wa shata uwe sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mkirekodi picha 25 kwa sekunde, ili cheche zionekane kama nyuzi. Ukiukimbiza mno zinakuwa nukta kama mbu.

Eneo lote, mita 11 kila upande, liwe limefagiwa na kuloweshwa: hicho ndicho kipimo cha wachomeleaji kwa kazi zote za moto. Na baada ya cheche ya mwisho, mtu mmoja anabaki pale saa nzima akitembea na tochi na kunusa. Saa nzima, si mpaka chai iive. Mlipeni kwa saa hiyo, la sivyo ataondoka.

Mkiwa hapo hapo na springi yenu, pigeni picha nyingine. Tundikeni kitambaa cheusi, cheche peke yake mbele yake, bila mtu, mzirekodi dakika tano kutoka pande tofauti. Picha hizo mhariri wenu atazilaza juu ya tukio lolote, cheusi kinapotea, cheche zinabaki. Ni cheche zenu wenyewe, si za kupakua intaneti ambazo kila filamu ya mtaani imeshazitumia.

Na hizo ndizo mtakazotumia kwa panga. Cheche za panga kugongana ni ndoto ya watu wa jukwaa tangu zamani. London mwaka 1885, mwigizaji Henry Irving alipitisha umeme kwenye panga za waigizaji ukumbini Lyceum ili zitoe cheche. Leo ukisikia mtu anataka kufunga betri ya gari kwenye vazi la mwigizaji, mnyang'anye waya. Volti 12 hazikurushi, ila betri hiyo ikigusishwa ncha kwa ncha inayeyusha spana na kupasukia usoni. Ipo njia ndogo ya haki: jiwe la kiberiti cha gesi, ule mchanganyiko wa chuma na metali iitwayo seri alioutengeneza mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, mwaka 1903, huuzwa pia kama vijiti vya kuwashia moto porini. Kijiti kikigandishwa kwenye mgongo wa panga la bandia, panga jingine lenye ukingo uliokwaruzwa likipita juu yake, zinatoka cheche chache, za kamera iliyo karibu tu. Jukwaani hazionekani. Jukwaani kinachowasha cheche kwenye kichwa cha mtazamaji ni mlio wa chuma halisi nyuma ya pazia na taa nyeupe inayopasuka mara moja kwa wakati ule ule. Fanyeni mazoezi ya hayo mpaka mlio na taa vitokee pamoja. Vikiachana hata kidogo, watu watacheka.

Kiwanda cha jukwaani, chini ya makuti yenu: taa za LED za rangi ya machungwa ndani ya sinia, feni ndogo imelazwa chini ikitazama juu, na nyuzi nyembamba za karatasi ya kung'aa ya kufungia zawadi, zikatwe kwa wembe upana wa njiti. Msaidizi anazitupia kiganja kimoja kwenye feni kila nyundo inapotua. Zinapanda kwenye mwanga, zinameta, zinapotea gizani. Nimekaa mstari wa tatu nikaangalia hilo, na mimi mwenyewe niliyezikata nikasahau. Ila msije mkapata wazo la kurusha unga wa muhogo juu ya mshumaa ili pawake. Unga wowote mkavu unaoungua, ukitawanyika hewani ukakutana na moto, unalipuka, na nyusi za mhunzi wenu hazitarudi kabla ya usiku wa pili.

Jahazi nimeliacha mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi: hapana. Mbao zake zimenyweshwa sifa, yale mafuta ya papa, kwa miaka. Kalafati yake, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, ni pamba, na tanga lenyewe ni kitambaa. Na kama lina mashine ya petroli, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama, pale chini kabisa ya chombo, na kukaa humo, huuoni, unasubiri cheche moja tu. Mwaka 2016 meli chakavu pale Point Reyes, California, iliungua, na aliyelaumiwa ni mpigapicha aliyekuwa akizungusha waya wa kusugulia masufuria uliowashwa moto apate picha ya cheche. Pigeni tukio la jahazi bila cheche hata moja, zilazeni baadaye zile za kitambaa cheusi. Nahodha atakushukuru, na jahazi si lenu.

Vibali kwa ufupi. Filamu ina Bodi ya Filamu, hiyo mnaijua. Mkitaka kupiga Kaole au jengo lolote la kale, cheche zisitajwe hata kwa mzaha kabla hamjaongea na watu wa mambo ya kale. Kitu chochote chenye baruti kiko chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na hapo muacheni mwenye leseni. Kwa grenda na mashine ya cheche, nendeni Zimamoto na Uokoaji siku kadhaa kabla, na mchoro wa uwanja mkononi: cheche ziko wapi, watu wako wapi, njia mbili za kutokea ziko wapi. Mara nyingi afisa anakuja mwenyewe kuangalia, na akija ataona jambo ambalo mimi kwa barua siwezi kuliona. Namba yao ni 114, iandikeni kwa mkaa ukutani ikibidi.

Sasa mkipata huo uwanja, nipimie kwa hatua kutoka mahali pa fuawe hadi kuti la karibu, la banda lolote, hata la jirani. Niambie pia upepo wa saa moja jioni unatoka bahari au bara. Mkiniambia hatua kumi na tano na zaidi, nitakuja Bagamoyo na grenda yangu na jani la springi. Nauli ni juu yangu. Diski nunueni nyie, na usome pete kabla hujalipa.